Skeli kwenye kinanda: kazi yote iko kwenye gumba

Skeli, yaani nota zinazopigwa kwa mfuatano kupanda na kushuka, ikichechemea, tazama gumba. Ndilo linalopita chini ya vidole vingine, na likichelewa, kiwiko huinuka na nota yake hutoka kwa kishindo kuliko jirani zake.

Gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5, mikono yote miwili. Skeli ya C ukipanda, kulia ni 1 2 3 1 2 3 4 5. Kushoto 5 4 3 2 1 3 2 1. Kushuka ni kinyume chake. Hata ukiongeza oktava (kutoka C hadi C inayofuata), kidole cha 4 hugusa nota moja tu katika kila oktava: B kwa mkono wa kulia, D kwa wa kushoto. Kishike hicho, vingine vitafuata.

Gumba lianze safari mapema. Likiachia C, liingie chini ya kiganja wakati kidole cha 2 kinabonyeza D, ili cha 3 kikifika E, lenyewe liwe tayari juu ya F. Lifanyie zoezi lake: E kwa 3, F kwa 1, mara 10, kiwiko kimetulia. Halafu B kwa 4, C kwa 1. Hapo ni pagumu zaidi, maana gumba linavuka vidole vitatu.

Skeli ya F mkono wa kulia ni 1 2 3 4 1 2 3 4. Ukileta mpangilio wa C, gumba litaangukia B flati, ambayo ni kitufe cheusi, na kwa ufupi wake litauvuta mkono mzima ndani. Wapiga kinanda wa kwaya wanaobaki C kila siku na kubonyeza transpozi (kitufe cha kuhamisha ufunguo) hawaigusi kabisa skeli hii, na ni hasara kubwa.

Arpejio (nota za kodi zikipigwa moja moja) ya C, oktava mbili: kulia 1 2 3 1 2 3 5, kushoto 5 4 2 1 4 2 1. Ya D kushoto ni 5 3 2 1 3 2 1, kwa ajili ya F shapu, nayo ni kitufe cheusi. Nafasi ni pana, kwa hiyo usilinyoshe gumba kwa nguvu. Usogeze mkono wote pembeni. Ukisikia maumivu, acha.

Metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe 60 kwa dakika: nota moja kwa pigo, kisha mbili, kisha nne. Ukikosea, rudia nota tatu za hapo tu, usirudi mwanzo.

Mikono ikiungana kwenye C, vidole vya 3 hukutana E na A. Visipokutana, simama hapo hapo.