Wazo jipya liko kwa fundi wako, ulipateje

Ukitaka kampuni yako ibuni kitu, usianze na sanduku la maoni, anza na chai ya saa nne. Mi nasimamia karakana ya kamba za mkonge hapa Tanga, na kuna kipindi nyuzi zilikuwa zinatukatikia tu, tunakaza hiki tunalegeza kile, kila Jumatatu kikao na hakuna anayefungua mdomo. Siku moja nakula mahamri na mzee mmoja wa mashineni, akachukua singa, ule unyuzi wa mkonge, akaikunja kidoleni, ikavunjika pa! Akasema hii imekauka mno, yale mafungu ya mlangoni yanapigwa upepo usiku kucha. Kumbe alijua siku zote jamani. Nikamuuliza mbona hukusema mzee wangu, akajibu mara ya mwisho niliposema niliambiwa nirudi kwenye mashine yangu. Aliyemwambia vile ni mimi.

Kwa hiyo la kwanza, mtu akikuletea kasoro mshukuru, tena mbele za watu. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza timu 51 za kampuni moja ya kiwanda, akachapisha mwaka 1999 kwamba pale watu wasipoogopa kuuliza na kukiri makosa ndo timu inajifunza, na kazi inakuwa nzuri. Halafu jaribu wazo lake siku hiyohiyo, hata kwa fungu moja tu, na umrudishie majibu hata kama limefeli, maana ukikaa kimya hakuletei lingine.

La pili, peleka watu wakajifunze kwa mikono. Japani mwaka 1985 kampuni ya vifaa vya umeme ya Matsushita walikuwa wanahangaika na mashine ya mkate, unga haukandiki vizuri, ndo Ikuko Tanaka, mtu wa programu za kompyuta kabisa, akaenda kujifunza kwa mwokaji wa hoteli moja Osaka. Akaona jamaa hakandi tu, analivuta donge huku analisokota, na mashine ikatengenezwa ifanye hivyohivyo. Hilo hakuna ripoti ingekwambia! Wewe mpeleke wa mauzo akakae wiki nzima mashineni, na fundi naye aende sokoni akasikie mteja analalamikia nini.

Siku hizi jioni mzee anafunika mafungu na magunia yenye unyevu, na kijana wa stoo yuko naye, anakunja singa kidoleni.