Kabla hujasaini mkopo wa digrii ya uuguzi, piga hesabu hii

Matokeo ya fom siksi yakitoka tu, huku kwetu Zanzibar kila nyumba yenye mtoto aliyesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) inaanza yale yale, uuguzi au famasi au maabara, na suali la kwanza ni "mkopo atapata?" Atalipa vipi na kwa mshahara gani, hapo hakuna anayeuliza. Sasa kama wewe ndo mtoto mwenyewe, au ndo mjomba unayetegemewa, chukua kalamu na karatasi tukae.

Anza na gharama yote, sio ada. Ichukue fomu ya kujiunga ya chuo unachokitaka, iwe SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar), iwe Zanzibar University pale Tunguu au chuo cha Dar, usiishie kwenye mstari wa ada, shuka chini kule kwenye maandishi madogo: usajili, mitihani, ile 20,000 ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ya kila mwaka, sare, viatu, mashine ya presha, daftari za fildi. Halafu andika ambayo fomu haiyataji. Mtoto wa Micheweni, Pemba, akienda kusoma Mbweni, Unguja, ana boti, ana kodi ya chumba, ana daladala ya alfajiri kuwahi zamu hospitali ya Mnazi Mmoja, na anakula. Jumla yake zidisha mara 4 kwa sababu digrii ni miaka minne, watu wengi wanapiga hesabu ya mwaka wa kwanza tu mwaka wa tatu ndo wanaanza kupiga simu kwa mashangazi. Tena uuguzi si kama kozi nyengine ambazo unaweza jioni ukauza duka la mtu, zamu za fildi zinakula usiku na wikiendi, kwahiyo usijidanganye kuwa utajazia kwa kibarua.

Mkopo sasa. Mzanzibari ana milango miwili, bodi yetu ya mikopo, ZHELB, na ile ya bara, HESLB, na hupewi kote kote. HESLB watataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, kwa aliyezaliwa huku uhakiki huo ni wa ZCSRA (wakala wa usajili wa vizazi na vitambulisho Zanzibar), usisubiri wiki ya mwisho foleni ishakuwa ndefu. Bodi yoyote utakayoipata, mkataba wake usome mwenyewe, masharti ya hii usiyachukulie ndo ya ile. Kwa HESLB ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na sheria inakupa miezi 24 baada ya kumaliza kabla deni halijaanza kudaiwa. Wale wakubwa wanaokutisha kwamba mkopo unazaa kila mwaka wanasema ya zamani, ilikuwepo asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha ikafutwa 2021.

Deni jengine halina mkataba. Baba kakodisha mikarafuu yake ya msimu ili ulipe ada, mama kachukua mchezo mapema, kaka kakopa SACCOS. Hilo nalo liandike, kwa sababu mshahara wa kwanza ukiingia hao hawasubiri miezi 24, na karafuu zenyewe tunazijua, mwaka zinajaa mwaka hamna kitu.

Kwenye kipato usimuulize mtu "manesi wanapata ngapi", utatajiwa mshahara wa sista aliyekaa kazini miaka ishirini. Mtafute aliyeanza juzi juzi, kwa kiwango chako hicho hicho, umuombe kwa adabu akuoneshe slipu. Angalia chini kabisa kile anachoondoka nacho baada ya ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kodi na mkopo. Tuseme, mfano tu huu, una deni la milioni 16 na mshahara wa laki tisa. Asilimia 15 ni 135,000 kwa mwezi, deni litakwisha baada ya miezi kama 119, yani karibu miaka kumi. Ukiwa unalipwa milioni na laki mbili inakuwa 180,000, miezi 89, miaka saba na nusu hivi. Weka namba zako mwenyewe hapo uone. Kama kinachobaki hakitoshi kodi, chakula na cha kumpelekea mama, basi chuo hicho ni ghali kwako hata kikiwa na jina.

Na kuna kile kipindi ambacho hakuna mtu anakihesabu, baina ya kumaliza na mshahara wa kwanza. Kuna intanshipu, kuna usajili wa Baraza la Wauguzi na Wakunga, kuna kusubiri tangazo la ajira za serikali, na wengine wanajitolea hospitali bila ya kitu zaidi ya nauli. Mimi ningeweka mwaka mmoja na nusu bila mshahara nikaangalia nani atanilisha.

Ndo maana, kwa nyumba isiyo na uwezo, mie naona diploma kwanza ndo njia. Miaka mitatu, deni dogo (HESLB wenyewe walianza kukopesha diploma za afya 2023/24), unaingia kazini, baadae unaomba ruhusa ya masomo ukasome digrii ukiwa tayari ni mwajiriwa. Utachelewa cheo, ndio, na wenzio waliokwenda digrii moja kwa moja watakuwa juu yako miaka kadhaa, lakini hawatakuwa na pumzi. Kama umepata ufadhili kamili, hayo yote yaache, nenda digrii.

Wengine mtasema nitakwenda Uingereza nitalipa lote mwaka mmoja. Inawezekana, ila hesabu mtihani wa kiingereza, usajili wa kule, mitihani yao ya uuguzi, viza na tiketi, hizo pesa unazitoa kabla hujapata hata senti. Na Tanzania imo kwenye orodha ya WHO (Shirika la Afya Duniani) ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, kwa hiyo mawakala wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kutafuta watu huku, unaomba mwenyewe moja kwa moja. Ajenti akikupigia simu na kukuomba "ada ya nafasi", kata simu. Deni la huku nalo halifutiki kwa kupanda ndege, wadhamini wako wapo.

Ukishaanza kukatwa, kila baada ya miezi michache fananisha slipu yako na taarifa ya deni kutoka bodi. Khasa ukiwa hospitali binafsi, mwajiri anaweza kukata asipeleke, na kwenye vitabu vya bodi ukaonekana hujalipa. Slipu zote ziweke, hata picha za kwenye simu, mpaka siku utakayopewa barua ya kumaliza deni.