Kukokotoa joto linalobaki mtambo wa nyuklia ukizimwa

Ukizima mtambo, viini vya urani huacha kupasuka karibu papo hapo, ila mabaki yake yenye mionzi huendelea kutoa joto. Ndilo lililoyeyusha fueli Fukushima mwaka 2011: mitambo ilishazimika, upoozaji ukakatika.

Tumia kanuni hii ya makadirio:

P = 0.066 × P₀ × [t^−0.2 − (t + T)^−0.2]

P ni joto linalobaki. P₀ ni nguvu ya joto ya mtambo ukiwa kazini, si ya umeme. Wengi huponzwa hapo, na jibu hushuka hadi theluthi moja. t ni muda tangu kuzimwa, T ni muda mtambo ulivyofanya kazi, vyote kwa sekunde. Ukiweka saa, jibu litapanda zaidi ya mara tano.

Mfano: megawati 3,000 za joto, mwaka mmoja kazini, saa moja baada ya kuzimwa. t ni 3,600, T ni 31,500,000. Utapata asilimia 1.1, yaani megawati 32.

Megawati 32 ni megajuli 32 kila sekunde. Sasa zigawanye kwa megajuli 2.26, joto la kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke: kilo 14 kwa sekunde. Tangi la lita 10,000, kama yale ya majengo ya Kisumu, lingekauka kwa dakika 12 hivi. Hata mtambo ukiwa kando ya Ziwa Victoria, pampu zisizo na umeme hazivuti maji.