Print Spooler inazimika kila saa? Mtafute mchawi kabla ya kuiwasha

Wenye steshenari mnaijua hii. Mteja kasimama na flashi, unaprinti, printa kimya. Unaingia services.msc (orodha ya huduma za Windows), Print Spooler, yaani huduma inayopanga foleni ya kuprinti, imezimika. Unaiwasha, inatoa kurasa mbili, inazimika tena. Leo tumtafute anayeizima.

Usikimbilie kuzima na kuwasha kompyuta. Andika saa iliyozimika, hata kiganjani. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika eventvwr.msc (daftari la matukio ya Windows), fungua Windows Logs kisha System. Kulia bonyeza Filter Current Log, na kwenye Event sources chagua Service Control Manager.

Ukiona tukio namba 7034 (safu ya Event ID), huduma imekufa ghafla bila kuagizwa. 7031 ni kifo kilekile, ila Windows inaeleza itafanya nini, mfano kuiwasha baada ya milisekunde 60000, yaani dakika moja. 7040 si ugonjwa: kuna aliyebadilisha namna huduma inavyowaka.

Namba hizo zinakupa saa ya kifo tu. Sababu iko chumba cha pili: Windows Logs, Application, tukio namba 1000 la saa ileile. Faulting application name itasema spoolsv.exe. Usiishie hapo, huyo ni marehemu. Shuka hadi Faulting module name, ndipo alipo mtuhumiwa. Mara nyingi ni faili la dll la draiva ya printa (programu inayoiunganisha Windows na printa): spooler hulibeba ndani yake, kwa hiyo likianguka wanaanguka wote. Ukikuta ntdll.dll usiharakishe kuhukumu. Ni faili la Windows yenyewe, na hutajwa hata kosa likiwa la mwingine.

Ukishamjua, andika printui /s /t2 kulekule kwenye R, ondoa draiva hiyo, kisha weka mpya kutoka kwa mtengenezaji wa printa.

MASWALI

Mkuu, kwangu 1000 haipo, na nikiiwasha inakufa papo hapo.

Nashuku kazi iliyokwama kwenye foleni. Spooler ikiwa imezimika, ingia C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa yaliyomo, folda yenyewe iache. Kazi zote zilizokuwa zinasubiri zitapotea, zitume upya.

Yangu inajiwasha mara mbili halafu inasusa. Kwa nini?

Fungua Print Spooler kwenye services.msc, kichupo cha Recovery. Ukikuta Subsequent failures imewekwa Take No Action, ndiyo hiyo. Unaweza kuibadilisha, lakini draiva mbovu bado unayo.

Mimi asubuhi nakuta kompyuta nzima imejizima na kujiwasha, mkuu.

Hiyo si spooler. Ondoa kile kichujio, tafuta 1074 kwenye System: itataja programu na akaunti iliyoagiza. Ukikuta 41 ya Kernel-Power au 6008, ilizimika bila kuaga. Hapo anza na umeme: waya, soketi, na ile UPS ambayo betri yake ilishachoka.