Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukalia Kiti cha Daktari wa Meno Mombasa

Kliniki ya meno hukaguliwa siku ambayo jino haliumi. Mtu aliyekesha usiku kucha ameshika shavu hana subira ya kusoma leseni iliyotundikwa ukutani wala moyo wa kumhoji daktari; huingia kwenye mlango wa kwanza wenye picha ya jino, uwe Kongowea, Majengo au Mikindani, na hulipa anachoambiwa. Kwa hiyo ukaguzi huu ufanywe mapema, ukiwa mzima, hata kwa kisingizio cha kwenda kuuliza bei ya kusafishwa meno.

Anza na leseni, nazo ni mbili. Baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno nchini Kenya, lijulikanalo kwa herufi KMPDC, humsajili daktari mwenyewe na pia hukisajili kituo anachofanyia kazi, na leseni hizo huhuishwa kila mwaka. Cheti cha chuo kikuu kilichotiwa fremu, hata kikiwa cha kweli, hakikwambii kama mwenyewe anaruhusiwa kutibu mwaka huu. Tovuti ya baraza ina orodha ambamo unaweza kulitafuta jina lake na la kliniki. Uliza vilevile atakayekuhudumia ni nani hasa, kwa sababu daktari wa meno, afisa wa afya ya kinywa mwenye diploma na fundi wa kutengeneza meno bandia kila mmoja ana mipaka yake ya kazi. Fundi wa meno bandia anayedunga sindano ya ganzi na kung'oa magego ameshavuka mpaka wake, hata awe na mikono mizuri namna gani.

Usafi wa vifaa ndio moyo wa jambo lote, na usidanganywe na usafi wa chumba. Niliwahi kumsindikiza shangazi yangu kung'olewa gego katika kliniki moja ya kisiwani. Vigae vilimeta, kiyoyozi kilivuma, nami nikaridhika, mpaka nilipomwona msaidizi akitia mkono katika beseni la maji ya dawa, akatoa koleo likichuruzika, akalifuta kwa kipande cha shashi na kulilaza kwenye sinia. Shangazi alikuwa keshafumba macho. Tuliomba radhi tukaondoka, na gego likang'olewa kesho yake kwingine. Dawa ya kulowekea hupunguza vijidudu, lakini kuviua vyote, hata kwa dawa kali, huhitaji saa nyingi ambazo hakuna kliniki inayozingoja kati ya mgonjwa na mgonjwa. Navyo virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Kinachotakiwa ni otoklevu, mashine ya mvuke wenye shinikizo, ambayo hufanya kazi kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa robo saa au zaidi, au nyuzi 134 kwa dakika chache. Omba kuonyeshwa ilipo. Vifaa vikitoka humo hubaki ndani ya mfuko uliofungwa, wenye alama inayogeuka rangi kwa joto, nao ufunguliwe mbele yako. Rangi hiyo huonyesha tu kwamba mfuko umepita kwenye joto, kwa hiyo uliza pia kama mashine hupimwa kwa kipimo cha vijidudu, kinachoonyesha kama kweli vimekufa, na mara ngapi. Kichwa cha mashine ya kutobolea jino nacho lazima kiingie humo baada ya kila mgonjwa, maana huweza kufyonza mate na damu kinapozimwa. Kukipangusa kwa spiriti hakutoshi. Sindano ifunguliwe ikiwa mpya, na baada ya kutumika iingie moja kwa moja katika sanduku gumu la vitu vyenye ncha kali.

Swali la maji ni letu sisi wa Mombasa zaidi kuliko wengi. Mji hutegemea maji ya mbali, ya chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na yakikatika majengo mengi hurudi kwenye visima vya chumvi au maboza. Maji ya chumvi huacha ukoko ndani ya otoklevu, ambayo huhitaji maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvi. Vilevile mipira myembamba inayopeleka maji kwenye kiti hujenga utando wa bakteria isiposafishwa kwa dawa. Marekani kiwango cha juu kinachoshauriwa ni bakteria 500 kwa mililita. Kliniki makini hutumia chupa yake ya maji safi iliyofungwa kwenye kiti. Uliza pia umeme ukipotea otoklevu ikiwa katikati ya kazi hufanywa nini. Jibu sahihi ni kwamba vifaa hivyo hurudiwa mwanzo.

Picha ya eksirei ipigwe kwa sababu unayoelezwa, na mashine yake iwe na kibali cha mamlaka ya nyuklia ya Kenya, inayosimamia mionzi.

Daktari naye ana wajibu wa kukuuliza. Asipotaka kujua kama una kisukari, presha, mimba, mzio wa dawa, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, basi bado hajawa tayari kukudunga ganzi. Mwambie na kuhusu muguka na miraa bila haya. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako, njia za matibabu zilizopo, hatari na gharama zake kabla hujakubali. Kwa hiyo uambiwe kama jino linaweza kuzibwa au kutibiwa mzizi kabla halijang'olewa, na bei iandikwe.

Mwisho, chukua nambari ya simu ya kupigwa usiku iwapo damu itakataa kukoma au shavu litavimba, na uipige siku moja jioni, kabla ya miadi, uone kama kuna anayepokea.