Posho za watoto na picha za familia: programu gani, na uzipange vipi

Jirani yangu hapa Mombasa ana watoto wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 7. Shangazi yao yuko London, mjomba yuko Muscat, nyanya yao Malindi. Aliniomba nimtafutie programu moja ya familia: watoto wapokee humo posho yao, na jamaa wote waone humo picha. Naandika tulivyofanya kwa sababu wazazi wengi huniuliza jambo hilo hilo.

Hatua ya 1: Usitafute programu moja ya kazi zote mbili

Posho ni ya mzazi na mtoto. Picha ni za ukoo mzima. Ukizichanganya, kila unayemwalika aone keki ya siku ya kuzaliwa unamsogeza karibu na hesabu za pesa za mtoto. Chagua programu mbili, na kila moja uiulize swali lake. Ya pesa: inafanya kazi katika nchi anakoishi mtoto? Ya picha: yule mzee mwenye simu ya bei nafuu ataweza kuifungua peke yake?

Usivutwe na vile vikundi vya familia vya Google. Kikundi kinabeba watu 6 tu, na wote wanatakiwa wawe nchi moja. Shangazi wa London hawezi kuingia humo. Ni kitu kizuri kwa baba, mama na watoto wa nyumba moja, basi.

Hatua ya 2: Pesa kwanza, na nchi ndiyo inayoamua

Ukitafuta mtandaoni utasomeshwa sifa za Greenlight mpaka uchoke. Ni programu ya Marekani ya posho na kadi za watoto. Mzazi wa Minneapolis ataipenda: ada ya mwezi ni ya familia nzima, kadi zinafika hadi watoto watano. Uingereza kuna NatWest Rooster Money, na ninayoipenda humo ni ile njia ya kufuatilia posho bila kadi yoyote. Kwa aliye Kenya, zote hizo zipite.

Kenya, mtoto wa miaka 10 hadi 17 anaweza kutumia M-Pesa Go. Mzazi ndiye anayemsajili, na anaona pesa zinakokwenda. Tanzania, benki zina akaunti za watoto kama Mtoto Akaunti ya NMB na Junior Jumbo ya CRDB, ila hizo nazihesabu kuwa za akiba kuliko za kununulia daftari na barafu.

Mtoto aliye chini ya miaka 10 hahitaji programu. Mpe daftari lenye safu nne: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, salio. Aandike mwenyewe kwa penseli, nawe utie sahihi. Yule wa miaka 7 tulimwanzishia hilo, na ninashikilia kwamba anajifunza zaidi kuliko kutazama tarakimu kwenye kioo.

Hatua ya 3: Kiasi, siku na namba ya siri

Toa kwa wiki, siku ile ile. Mwezi ni mrefu mno kwa mtoto. Kuosha vyombo usikulipie. Hiyo ni kazi ya nyumbani. Jamaa wa nje watume kwa mzazi, hasa za Idi, kisha mzazi aamue ngapi ziingie kwenye posho na ngapi ziende akiba. Namba ya siri mtoto asimpe mtu, hata kaka yake.

Hatua ya 4: Chagua pahali pa picha

Kama jamaa wote wana iPhone, albamu za pamoja za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, zinatosha: zinabeba hadi watu 100 na hazili nafasi yako, ingawa picha hupunguzwa ukubwa. Mwenye mtoto mchanga aitazame FamilyAlbum, programu ya Kijapani inayozipanga picha kwa miezi na umri wa mtoto. Kwa familia zetu zilizochanganya simu za kila aina, mimi huchagua Google Photos, kwa sababu simu nyingi za Android zinanunuliwa zikiwa nayo tayari. Mzee haongezewi kitu kipya cha kupakua.

Kundi la WhatsApp silipendekezi kwa picha za watoto. Ujumbe wenyewe umelindwa vizuri njiani, lakini kundi la ukoo lina watu wa watu, na picha ya mtoto akiwa na sare ya shule inaishia kwenye stetasi ya mtu usiyemjua. Kenya jambo hili lina uzito wa kisheria pia: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi.

Hatua ya 5: Akaunti ya nyanya

Hapa ndipo jioni nzima ilipoishia, kwa hiyo soma taratibu.

Albamu ya faragha inataka kila mtu awe na akaunti ya Google anayoimiliki kweli. Nyanya alituambia kwa simu, "Mwanangu, mimi sina akaunti, nina simu tu." Alikuwa nayo. Ilifunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, kwa jina ambalo si la nyanya, na nywila hakuna anayeijua. Simu za wazee wengi ziko hivyo.

Anza kwa kufungua mipangilio ya simu, sehemu ya Google, uone anwani ya barua pepe iliyomo. Jaribu kuirejesha kwa njia ya kusahau nywila. Msimbo ukitumwa kwenye laini ya nyanya, umepona: badilisha nywila, uiandike kwenye karatasi, ikae anapoweka kitambulisho chake. Ukitumwa kwenye namba ya mtu mwingine, acha. Usimpigie kijana wa dukani umwombe akusomee msimbo, maana akaunti itabaki mikononi mwake.

Wala usiifute simu yote ili uanze upya. Simu nyingi za Android zikifutwa kwa vitufe vya pembeni huwa zinadai akaunti ya zamani kabla ya kufunguka, na hapo nyanya atakosa hata simu ya kupiga.

Njia salama ni kuongeza akaunti ya pili kando ya ile ya zamani, kwa jina lake na laini yake. Kisha fungua Google Photos, bonyeza ile duara ya juu kulia yenye picha au herufi, uchague akaunti mpya. Watu wengi huruka hapo: wanaalika akaunti mpya huku programu imefunguliwa kwa ile ya zamani, halafu wanasema albamu haionekani.

Ukiwa humo, zima uhifadhi wa picha za simu yake kwenye mtandao, au angalau uuzuie usitumie bando. Nafasi ya bure ni GB 15, inagawanywa na barua pepe na Drive (hifadhi ya mafaili ya Google), na ikijaa atasumbuliwa na maonyo asiyoyaelewa. Tena akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 Google inaweza kuifuta, kwa hiyo mjukuu aifungue pamoja naye kila anapokwenda kumwamkia.

Hatua ya 6: Mipangilio ya albamu

Alika watu kwa anwani zao, kisha zima kiungo cha kufungulia albamu. Kiungo kikiwa wazi, yeyote aliyekipata anaona picha, hata asiye na akaunti. Zima pia swichi inayoonyesha mahali picha zilipopigwa, kwa sababu picha za nyumbani zinaweza kubeba ramani ya mlango wako. (Anayetuma picha WhatsApp kama faili badala ya picha ya kawaida anaipeleka na mahali pake vilevile.)

Waambie jamaa hili: picha ukiifuta kwenye Google Photos, inatoka na kwenye albamu. Anayetaka kupunguza mzigo wa simu atumie ile kazi ya kuondoa nakala zilizokwisha kuhifadhiwa, asifute moja moja. Picha iliyohifadhiwa mtandaoni ikifutwa hukaa kwenye tupio siku 60. Na ukimwondoa mtu kwenye albamu, picha alizoweka yeye zinaondoka naye, kwa hiyo hifadhi kwanza unazozitaka.

Hatua ya 7: Jaribu

Kama kiungo kilikuwa kimeshatumwa kwa mtu, kifungue kwenye kivinjari ambacho hujaingia akaunti yoyote. Picha zikionekana, kiungo bado kiko wazi. Kisha pitia orodha ya waliomo kwenye albamu, jina baada ya jina, pamoja na mwenzi wako. Rudia kila mtu anapobadilisha simu, maana ya zamani huuzwa au hupewa mtoto wa jirani ikiwa bado imefunguliwa akaunti yake.