Bamvua na maji mafu: namna ya kutumia mfano na hadithi katika ushauri nasaha

Kijana alikaa mbele yangu, mikono kaibana katikati ya magoti. Mvuvi wa dagaa wa huku kwetu Tanga, miaka saba kwenye unga, yaani heroini, na huo ulikuwa mwezi wake wa tatu wa kunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, kila asubuhi. Nikampa mfano niliofundishwa kwenye semina: hamu ya unga ni kama wimbi, usipigane nalo, lipande juu kama wale wanaoteleza baharini kwa ubao mpaka lishuke lenyewe. Ni mfano mzuri. G. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, ndiye aliyeutumia katika tiba ya uraibu, na umewafaa wengi.

Kijana akanisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza. "Dada, wimbi halipandwi kwa ubao. Wimbi kubwa unalikabili kwa omo. Ukilipa ubavu, limekupindua."

Nikanyamaza. Kisha nikauliza swali nililopaswa kuanza nalo: "Basi kwako wewe, hamu ikija inakuja kama nini?"

Akafikiri kidogo. "Kama bamvua. Maji yanajaa mpaka unadhani yataingia ndani. Lakini bamvua lina siku zake. Mvuvi halii, anavuta chombo juu."

Ninawaandikia washauri wenzangu, na yeyote anayekaa na watu wenye mizigo, kwa sababu ya jibu lile. Mfano unaomponya mtu mara nyingi ameshauleta mwenyewe. Wewe kazi yako ni kuusikia na kuukuza.

Anza na masikio basi. Kiswahili chenyewe kinatusaidia, maana mara nyingi husemi "mimi ni mwoga", unasema "nimeingiwa na hofu". Huzuni inatupata, usingizi unatuchukua, hasira inatupanda, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, inampiga mtu. Tatizo limeshasimama nje ya mtu kabla hujafungua mdomo. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand walijenga tiba nzima juu ya kumtenga mtu na tatizo lake ili aweze kuligeukia na kulitazama. Mteja wako akisema "nimeingiwa na hofu", usiandike tu kwenye faili kwamba ana hofu. Muulize: imeingilia wapi? Ikiingia inakaa upande gani? Kuna siku ilifika mlangoni ikaondoka bila kuingia? Hilo la mwisho ndilo lenye mali, kwa hiyo mpe muda. Watu wengi hukaa kimya sana kabla ya kulijibu, na ukimya huo usiuvunje wewe.

Huku Pwani lazima niweke angalizo. Ukilipa tatizo jina na mwili, mwingine atasikia unamwambia ana pepo, na yeye ni kiti tu cha kukaliwa na pepo huyo. Nimekutana na hilo zaidi ya mara moja. Sibishani na imani ya mtu, ila nauliza swali la upande wa pili: "Hiyo hamu, wewe huwa unaipa nini ikija? Na siku uliyoinyima, uliinyimaje?" Hapo mtu anajiona ana mkono katika jambo lake.

Mfano ukishapatikana, kaa ndani yake. Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunaharakisha kufasiri: "Kwa hiyo bamvua ni hamu, na chombo ni maisha yako." Ukisema hivyo umeuua. Na yule kijana niliuliza maswali ya bahari tu. Bamvua unalijuaje kabla halijafika? Akasema, kwa mwezi; ukiandama na ukipevuka. Ukiona mwezi unajaa unafanya nini? Unaongeza kamba, unasogeza nyavu, unawaambia wenzako. Na maji mafu je, siku zile bahari haijai wala haipwi sana? "Maji mafu ndiyo wakati wa kuziba chombo, dada. Ukisubiri bamvua ndiyo uzibe, umechelewa."

Wiki mbili baadaye alikuja kabla ya siku yake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka vyombo vinapumzika. Kumbe yeye hupata mgawo wake mwishoni mwa giza, halafu zinakuja siku za mwezi mpevu: pesa ipo, kazi hakuna, maskani ya zamani, kijiwe alichokuwa akitumia unga, iko njiani kwenda nyumbani. Bamvua la baharini na bamvua lake vilikuwa vinakuja siku zilezile. Aligundua mwenyewe, akihesabu kwa vidole. Mimi ningemwambia "epuka vishawishi" kwa mwaka mzima, asingekuwa na pa kuyaweka maneno hayo.

Ndipo tukashuka nchi kavu, na hatua hii usiiruke. Mfano usiozaa kitendo unabaki maneno matamu. Muulize, "Kuvuta chombo juu, kwako wiki hii, ni kufanya nini?" Yeye alitaja matatu: mgawo upokelewe na dada yake, apite njia ya sokoni badala ya maskani, na hamu ikimshika ampigie nahodha wake aongee naye mpaka ishuke. Mara nyingi hamu haimalizi nusu saa kabla ya kulegea, basi simu moja ndefu inatosha. Tuliandika hayo kwenye karatasi na tukaweka tarehe za mwezi. (Nimechanganya hapa habari za watu watatu, asitambulike hata mmoja. Nawe fanya hivyo kila unaposimulia kazi yako.)

Sasa methali. Tunazipenda, na wateja wanazitegemea kutoka kwetu, hasa ukiwa umewazidi umri. Nakuomba uwe mwangalifu nazo kuliko kitu kingine chochote. Methali nyingi zimeshakata hukumu kabla ya kutamkwa. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nazungumza na mama mmoja juu ya mtoto wake mdogo aliyebaki nyumbani, nikasema, kwa nia ya kumtia moyo, "Mwana umleavyo ndivyo akuavyo." Mama yule alikuwa na mwana mkubwa aliyekuwa akitumia. Alifunga khanga yake vizuri, akaniaga, hakurudi tena. Mpaka leo namkumbuka. Tangu siku ile methali naiomba kwa mteja: "Kwenu mkipatwa na jambo kama hili husemaje?" Aliyoitoa mwenyewe haimchomi, na kama inamchoma, tunaizungumza.

Hadithi nzima naiweka kwa vikundi zaidi. Jumatano nakaa na akina mama wenye watoto kwenye unga. Naanza kama bibi yangu alivyoanza: paukwa! Wanaitikia pakawa, na mabega yanashuka papo hapo, maana kila mmoja anajua kwamba sasa hatajwi mtu. Nawasimulia habari ya mama aliyemshikia mwanawe tochi usiku kucha, kila mtoto anakokwenda mwanga unamfuata, mpaka yeye mwenyewe akawa hajui mlango wa nyumba yake uko wapi. Ninaikatia hapo. Simwambii mtu maana yake. Milton Erickson, daktari wa Marekani aliyekuwa bingwa wa tiba ya namna hii, alikuwa akisimulia visa na kumwachia mgonjwa aondoke navyo bila ufafanuzi. Mimi nauliza tu, "Mnadhani betri iliisha saa ngapi?" Mama mmoja aliyekuwa kimya vikao vinne akasema, "Yangu iliisha mwaka juzi." Wenzake wakamsogelea. Sikuongeza neno.

Ifanye hadithi iwe fupi, dakika tatu au nne. Iwe na kitu cha kushikika, tochi, kamba, ndoo. Asiwemo mtu mwenye hekima anayekuja mwishoni kuwaelekeza wote, maana kila mtu atajua huyo ni wewe.

Kuna saa ya kuiweka hadithi chini. Mtu akikudokezea kwamba amechoka kuishi, usizunguke kwa mafumbo: muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, mfikishe hospitali. Na kwa watu wa unga, mfano hauchukui nafasi ya dawa. Tangu methadoni ianze kutolewa Muhimbili mwaka 2011 wengi wamesimama tena kwa kunywa dozi yao kila siku. Aliyeacha unga kwa muda kisha akarudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa, kwa sababu mwili umepoteza uzoefu. Jambo hilo mwambie kwa maneno makavu, mara mbili, na umwombe akurudishie kwa maneno yake.

Baada ya kila kikao naandika kwenye daftari maneno matatu au manne ya mteja kama alivyoyatamka, siyasanifishi. Ukurasa wa yule kijana una "bamvua", "kuongeza kamba", na "nahodha anajua". Akiingia mlangoni namwuliza maji yalikuwaje wiki hii, naye anakaa, anaanza kunieleza.